Sauti, Picha na Lugha: Misingi ya Kurekodi kwa Mtafiti wa Kiswahili

1. Utangulizi

Kiswahili cha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kimesemwa, kimeimbwa na kuigizwa kwa muda mrefu, lakini kimeandikwa kidogo. Kwa sababu hiyo mtafiti wa fasihi ya mijini katika Katanga hutegemea kanda na faili za sauti kama vile mtafiti wa tenzi za pwani anavyotegemea miswada ya kale. Rekodi ndiyo mswada wake. Ikiwa imefifia, imekatika au imefunikwa na kelele, hasara yake ni ile ile ya karatasi iliyoliwa na mchwa: sehemu iliyopotea haisomeki tena, hata msomaji awe na elimu kiasi gani.

Mifano si haba. Mwaka 1952, mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, Hugh Tracey alirekodi gitaa la Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, na miongoni mwa nyimbo zilizonaswa ni "Masanga", uliosikika baadaye mbali sana na Katanga. Maigizo ya kundi la Mufwankolo yalinakiliwa na kuchapishwa mjini Vienna mwaka 1981 na Walter Schicho na Mbayabo Ndala. Mazungumzo ya Johannes Fabian na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, yaliyonaswa katika kanda katika miaka ya 1970, yalizaa kitabu kilichotoka mwaka 1996 kuhusu historia ya nchi kama mchoraji huyo alivyoiona. Hata maandishi yenyewe yamewahi kuhitaji sauti. "Vocabulaire de ville de Elisabethville", historia ya mji iliyotungwa na André Yav na kupigwa chapa mwaka 1965, iliandikwa kwa tahajia isiyofuata kanuni za kawaida. Fabian alipoitoa upya mwaka 1990 alisaidiwa na Kalundi Mango, aliyeisoma kwa sauti ili mipaka ya maneno na maana yake ibainike. Historia hiyo ilirudi kinywani kwanza, ndipo ikaeleweka kitabuni.

Pamoja na hayo, elimu ya kurekodi huachiwa mafundi mara nyingi, kana kwamba haihusiani na elimu ya lugha. Mwanafunzi hufundishwa namna ya kuuliza maswali na namna ya kunakili majibu. Namna ya kuyanasa majibu hayo hudhaniwa kuwa ni kubonyeza kitufe tu. Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya utengenezaji wa sauti na video kwa mwalimu na mwanafunzi asiye fundi. Hoja yake ni moja: maamuzi ya kifundi ni maamuzi ya kitaaluma, na yaliyo mazito kuliko yote hufanywa kabla ya kurekodi na katika dakika ya kwanza, wala hayarekebishiki baadaye.

2. Sikio na mashine

Sauti ni mtetemo wa hewa. Koo la msemaji husukuma hewa, hewa husukuma hewa iliyo jirani, na wimbi husafiri kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde mpaka likafika sikioni. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume anaposema kwa kawaida huwa baina ya hezi 85 na 180. Wa mwanamke huwa juu zaidi. Irabu hutambulikana kwa mitetemo ya chini na ya kati. Konsonanti za mkwaruzo kama vile s na f hubeba sehemu kubwa ya utambulisho wake juu ya hezi 4,000.

Jambo hili si la wanafizikia peke yao. Simu ya kawaida ya waya ilipitisha sauti baina ya hezi 300 na 3,400 tu. Katika simu ya namna hiyo "sisi" na "fisi" hukaribiana mno, na msikilizaji huokolewa na muktadha wa sentensi. Lakini mtafiti wa fonolojia anayechunguza iwapo wasemaji wa mtaa fulani wanatofautisha "thamani", "samani" na "zamani" hawezi kutegemea muktadha. Anahitaji mkwaruzo wenyewe. Kinasasauti kilichouacha mkwaruzo huo nje kimemjibia swali lake kabla hajaliuliza.

Tofauti kubwa baina ya sikio na mashine ni kwamba sikio huchagua. Mtu aliyeketi na mwenzake katika soko la Kenya mjini Lubumbashi husikia maneno ya mwenzake katikati ya honi, redio na wachuuzi, kwa kuwa masikio mawili na akili moja hushirikiana kutenga sauti inayotakiwa na kuzipuuza nyingine. Mashine haijui inayotakiwa ni ipi. Hunasa honi kwa uaminifu ule ule inaonasa neno. Ndiyo maana mtafiti hurudi nyumbani akashangaa kwamba mazungumzo aliyoyasikia vizuri hayasikiki katika rekodi. Dawa ya jambo hilo ni moja: kusikiliza kwa hedifoni wakati wa kurekodi, si baada yake, ili asikie kile ambacho mashine inasikia.

3. Maikrofoni, umbali na mahali

Katika matumizi ya kila siku neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa vitu viwili: chombo kinachopokea sauti mbele ya kinywa, na chombo kinachoitoa kwa nguvu mbele ya umati. Mkanganyiko huu wa istilahi huzaa mkanganyiko wa fikra, kwani wengi hudhani kwamba chombo cha kwanza nacho hupaza. Hakipazi chochote, hugeuza mtetemo wa hewa kuwa mtetemo wa umeme. Katika makala haya chombo hicho kinaitwa maikrofoni.

Maikrofoni zinazotumika zaidi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ina koili ndogo inayochezacheza ndani ya sumaku. Haihitaji umeme, ni imara, huvumilia vumbi na kuanguka, lakini hutaka msemaji awe karibu. Aina ya pili ina utando mwembamba wenye chaji ya umeme. Hunasa mambo madogo zaidi, lakini huhitaji betri au umeme wa volti 48 utokao katika kinasasauti, na huathiriwa na unyevu. Aidha, maikrofoni hutofautiana kwa upande zinakosikiliza: zipo zinazopokea sauti kutoka pande zote, zinazofaa kwa baraza au kwa mazungumzo ya watu kadhaa, na zipo zinazopokea zaidi kutoka mbele na kuikataa kwa kiasi sauti ya nyuma, zinazofaa kwa msemaji mmoja mahali penye kelele.

Hata hivyo umbali hushinda aina. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa desibeli 6. Msemaji aliye sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni akisogea mpaka sentimita 160, umbali umekuwa maradufu mara tatu, na sauti yake imeshuka kwa desibeli 18. Kelele ya chumba imebaki pale pale. Maikrofoni ya bei ndogo iliyowekwa shubiri moja kutoka kinywani huishinda ya bei kubwa iliyowekwa upande wa pili wa meza. Kanuni ya kwanza kwa mwanafunzi asiye na fedha ni kwamba ukaribu haununuliwi.

Baada ya umbali huja mahali. Chumba chenye sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi hufunika mwisho wa neno kwa mwanzo wa neno linalofuata. Mapazia, magodoro, nguo zilizotundikwa na rafu za vitabu humeza mwangwi huo. Paa la mabati lisilo na dari huifanya mvua ya Januari kuwa mgeni asiyeweza kunyamazishwa. Katika miezi ya masika ni bora kurekodi asubuhi kabla mawingu hayajakusanyika. Jokofu, feni na jenereta huzoeleka upesi hata sikio likaacha kuvisikia.

Umeme wenyewe una hatari yake. Umeme wa Kongo ni wa hezi 50, na waya mbovu au kifaa kilichounganishwa vibaya huingiza katika rekodi mvumo wa hezi 50 pamoja na wa hezi 100, 150 na kuendelea. Hapo ndipo penye mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume. Katika Kiswahili, "Umekula" ya taarifa na "Umekula?" ya swali huweza kutofautiana kwa kiimbo peke yake, na kiimbo ni kupanda na kushuka kwa mtetemo huo wa msingi. Programu ya uchambuzi wa sauti kama Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hupima kiimbo kwa usahihi mkubwa; lakini ikipewa rekodi yenye mvumo mkali, huenda ikapima mvumo badala ya mtu. Kwa hiyo, inapowezekana, ni heri kurekodi kwa betri.

4. Kiwango na tarakimu

Kila kinasasauti huwa na kipimo cha kiwango cha sauti. Katika mashine za tarakimu kilele cha kipimo hicho ni sifuri, na viwango vyote vilivyo chini yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Sauti inayovuka sifuri hukatwa kichwa: umbo la wimbi huwa tambarare, na mlio mkavu husikika kila msemaji anapopaza sauti au kucheka. Mkato huo ni hasara ya kudumu kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kiwango hupangwa ili vilele vya usemi wa kawaida vifike karibu desibeli 12 chini ya sifuri, na nafasi iliyobaki huachiwa kicheko, hasira na wimbo wa ghafla. Mtafiti humwomba msemaji aseme kwa nguvu ile atakayotumia, si kuhesabu moja, mbili, tatu kwa unyonge, kisha hupanga kiwango.

Vinasasauti vingi, hasa vya simu za mkononi, hupanga kiwango vyenyewe. Msemaji akinyamaza, mashine huongeza nguvu na kuinua kelele ya chumba; akianza tena, huipunguza kwa kuchelewa. Kwa mchambuzi wa usimulizi hali hiyo ni hatari, kwa sababu kunyamaza, kunong'ona na kupaza sauti ni sehemu ya sanaa ya msimulizi. Mashine inayosawazisha yote humfanya bingwa wa ngano aonekane kama msomaji wa taarifa. Ikiwa programu ya simu ina nafasi ya kuzima upangaji huo, na uzimwe.

Ili sauti iwe tarakimu, mashine huipima mara nyingi katika kila sekunde. Kanuni ni kwamba idadi ya vipimo lazima izidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa unaotakiwa kuhifadhiwa. Simu ya tarakimu yenye vipimo 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba kitu juu ya hezi 4,000. Diski ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina vipimo 44,100. Video hutumia 48,000 kwa kawaida. Kila kipimo nacho huandikwa kwa idadi fulani ya biti. Biti 16 hutoa ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti. Biti 24 hutoa zaidi ya milioni 16. Jumuiya ya Kimataifa ya Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, inapendekeza kwamba rekodi za kanda zinapogeuzwa kuwa tarakimu kwa ajili ya hifadhi zisipungue vipimo 48,000 na biti 24, na ikiwezekana vipimo vifike 96,000.

Gharama ya ubora huo ni nafasi. Saa moja ya sauti ya njia moja, kwa vipimo 48,000 na biti 24, huchukua karibu megabaiti 518. Saa hiyo hiyo ikibanwa kwa mtindo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 58 hivi, yaani sehemu moja ya tisa. Lakini ubanaji wa namna hiyo hufanya kazi kwa kutupa yale ambayo sikio la kawaida halitayakosa, na yaliyotupwa hayarudi. Faili iliyobanwa yafaa kusikilizwa, kutumwa kwa WhatsApp na kunakiliwa maneno. Faili kamili ya WAV ndiyo ya kuhifadhiwa. Kurekodi moja kwa moja katika MP3 ni sawa na kuchoma mswada na kubaki na muhtasari.

5. Picha

Mtu aweza kuuliza kwa nini mtafiti wa lugha ahangaike na video. Mchoraji anayeeleza picha yake husema "huyu", "hapa", "ile kule". Katika kanda ya sauti vionyeshi hivyo hubaki bila kinachoonyeshwa. Mwigizaji naye hujibu kwa bega, kwa jicho na kwa kimya, na hadhira hucheka kwa jambo ambalo sauti haikulibeba. Fasihi simulizi ni tendo la mwili mzima; picha hurejesha nusu yake iliyopotea.

Video ni mfuatano wa picha zilizosimama, ziitwazo fremu. Nchi nyingi zenye umeme wa hezi 50 zimezoea fremu 25 kwa sekunde. Marekani, yenye umeme wa hezi 60, imezoea karibu 30. Jambo hili huonekana pale mtafiti anaporekodi ndani ya nyumba yenye taa za umeme: nyingi ya taa hizo hupepesa kwa kufuata umeme, na kamera isiyolingana nazo huonyesha mistari inayotembea juu ya picha. Nchini Kongo, muda wa kufunguka wa kamera ukipangwa kuwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, tatizo hilo kwa kawaida huondoka.

Mwangaza ni kwa kamera kile umbali ulicho kwa maikrofoni. Kamera inayojipangia mwangaza hukadiria wastani wa picha nzima. Mzee mwenye ngozi nyeusi akiketishwa mbele ya ukuta mweupe au dirisha la mchana, kamera huuona weupe mwingi, hupunguza mwangaza, na uso wa mzee hugeuka kivuli. Si kosa la uso wake. Ni kosa la aliyemketisha. Mahali pema ni kivulini karibu na uwazi, uso ukielekea kwenye mwanga, nyuma yake pakiwa na ukuta wa rangi ya udongo au majani. Kisha mwangaza hupimwa juu ya uso na kufungwa hapo. Jua la saa sita huchimba vivuli machoni. La saa tatu asubuhi au saa kumi jioni huwa na upole.

Kamera hukaa juu ya kigoda chenye miguu mitatu, kwa kuwa picha inayotikisika huchosha mtazamaji na kumnyima ishara ndogo za mikono. Mpangilio wa kawaida una picha za aina tatu: ya mbali inayoonyesha mahali na watu wote, ya wastani inayoonyesha msemaji tangu kiunoni, na ya karibu inayoonyesha uso au mikono. Anayeanza huvutwa na tamaa ya kusogeza picha mbele na nyuma bila kukoma. Ni heri kila picha iachwe itulie, walau sekunde kumi, kabla ya kubadilishwa. Kwa uchambuzi wa kitaaluma picha moja ya wastani isiyokatizwa, inayoonyesha msemaji na hadhira yake, huwa na thamani kuliko mapambo yote.

Kosa kubwa la video za watafiti ni sauti. Kamera huwekwa mita tano mbali ili ienee watu wote, na maikrofoni yake hubaki huko nayo. Dawa ni kurekodi sauti kwa kinasasauti kilicho karibu na msemaji, kisha kuziunganisha baadaye. Ili kuziunganisha, mtu hupiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni: fremu ambamo viganja vinakutana hulinganishwa na mshindo katika sauti. Fremu moja kati ya 25 huchukua milisekunde 40, na katika muda huo sauti husafiri karibu mita 14. Midomo ikitangulia maneno kwa fremu mbili au tatu, mtazamaji huanza kuhisi kasoro hata kama hajui ni ipi.

6. Uhariri na uaminifu

Zamani mhariri alikata utepe kwa wembe na kuugundisha kwa gundi. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo bila kugusa faili ya asili. Programu ya Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, hupatikana bila malipo na hutosha kwa mahitaji mengi ya sauti. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika Taasisi ya Max Planck ya Isimu-Saikolojia mjini Nijmegen, humwezesha mtafiti kuandika maneno, tafsiri na ishara za mikono katika mistari iliyofungwa na wakati wa sauti au video. Hiyo hufaa hasa kwa Kiswahili cha mijini kinachochanganyika na Kifaransa na lugha nyingine katika sentensi moja.

Wepesi huo una mtego wake. Mzungumzaji anasema, "Hatukubali." Rekodi ikianza kwa kuchelewa, au mkasi wa kompyuta ukiteleza kwa silabi moja, kinachobaki ni "Tukubali." Sehemu ndogo ya sekunde imegeuza kukataa kuwa kuridhia, na hakuna msikilizaji atakayeshuku, kwa kuwa sentensi iliyobaki ni sahihi kisarufi. Katika lugha inayobeba ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, mwanzo wa sauti si mahali pa uzembe. Kwa hiyo mtafiti huanza kurekodi sekunde kumi kabla ya swali na huacha sekunde kumi baada ya jibu. Sekunde hizo za kimya hufaa pia kuonyesha kelele ya mahali ilivyo.

Kanuni ya uhariri wa kitaaluma ni rahisi: faili ya asili haiguswi kamwe. Kusafisha kelele, kuinua sauti na kukata hufanywa katika nakala, na kila kilichofanywa huandikwa. Kusafisha kelele kupita kiasi huondoa pamoja nayo ule ule mkwaruzo wa s na f uliotajwa hapo juu.

7. Kuhifadhi na kurudisha

Rekodi isiyo na jina ni mzigo. Mwanzoni mwa kila kipindi mtafiti hutamka mwenyewe tarehe, mahali, jina la msemaji ikiwa ameridhia, na lugha zinazotumika. Maneno hayo hayawezi kutengana na sauti kama karatasi inavyoweza kutengana na kaseti. Ridhaa ya msemaji nayo hurekodiwa, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa ni nani atasikia, wapi na kwa kazi gani. Uangalifu huo huzidi pale anayezungumza ni shahidi wa vita au wa dhuluma. Sauti na uso wake vyaweza kumtambulisha hata jina lake likifichwa, na yaliyo salama kwa mtafiti huenda yasiwe salama kwake. Mara nyingine uamuzi sahihi wa kifundi ni kuiacha kamera mkobani.

Hifadhi hufuata kanuni ya nakala tatu: zikae katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe katika jengo jingine. Diski moja iliyo mezani kwa profesa si hifadhi. Majina ya faili huanza kwa mwaka, mwezi na siku, ili yajipange yenyewe, yakifuatwa na mahali na namba ya kipindi.

Kwa kanda za zamani suala ni la haraka zaidi. Utepe wa sumaku hunyonya unyevu, gundi yake hulegea, na mashine za kuusomea zinatoweka. Video za VHS, zilizoanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, zilipoteza kiwanda chao cha mwisho kinachojulikana cha mashine za kuzichezea pale kampuni ya Funai ilipoacha kuzitengeneza mwaka 2016. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimegeuzwa kuwa tarakimu kufikia mwaka 2025 huenda zikapotea kabisa. Muda huo umefika. Sanduku la kaseti lililo juu ya kabati la idara au nyumbani kwa mwalimu mstaafu ni maktaba inayozama. Kila mwaka linaposubiri, mashine zinazoweza kulifungua hupungua.

8. Mazoezi manne

Misingi hii hufundishika bila studio. Zoezi la kwanza: mwanafunzi mmoja asome sentensi moja akiwa sentimita 20, mita moja na mita nne kutoka kwenye simu, kisha wenzake wasikilize na kuandika walichosikia. Zoezi la pili: wasomaji kadhaa wasome orodha yenye "sisi", "fisi", "saa", "faa", "zamani" na "samani", rekodi ihifadhiwe kamili na ihifadhiwe pia ikiwa imebanwa sana, kisha hesabu ya makosa ya wanakili ilinganishwe. Zoezi la tatu: mtu yule yule apigwe video mbele ya dirisha, pembeni mwa dirisha na kivulini nje. Zoezi la nne: igizo fupi lirekodiwe kwa kamera na kwa kinasasauti mbali mbali, lianze kwa kofi, na sauti mbili zilinganishwe hadi milisekunde. Kazi ya siku mbili hutosha, na simu zilizomo mifukoni mwa wanafunzi hutosha.

9. Hitimisho

Vifaa vitaendelea kubadilika, na mashine inayosifiwa leo itachekwa kesho. Lakini umbali baina ya kinywa na maikrofoni, upande unakotoka mwanga, kilele cha sauti, nakala ya asili isiyoguswa na jina la msemaji havitabadilika. Idara ya lugha inayofundisha mambo hayo pamoja na fonolojia na fasihi simulizi huwapa wanafunzi wake uwezo wa kutengeneza miswada yao wenyewe, badala ya kungoja wageni waje na mashine zao na kuondoka na kanda. Wazee wanaosimulia kuanzishwa kwa mitaa ya wafanyakazi wa migodi, waimbaji wa misiba na waigizaji wa jukwaani hawatasimulia mara mbili kwa namna ile ile. Wakati wao wa kusema unapofika, kinachohitajika ni mtu aliyeketi karibu vya kutosha, mwenye hedifoni masikioni, aliyekwisha kubonyeza kitufe sekunde kumi kabla.